Nyumba ya Majiko Mawili

Kabla ya kufika Isleworth, magharibi ya London, Jokha na Pramila walikuwa wamekwisha kuona nyumba kadhaa, na zote walizikataa kwa sababu ambazo wasingeweza kumweleza ajenti. Moja ilikuwa nzuri, ina gereji na madirisha mapya, lakini jirani alipowaona wanashuka kwenye gari alivuta pazia. Nyingine ilikuwa chini kabisa ya njia ya ndege, na wao ndege walikwisha kuzichoka. Wote wawili walikuwa wakifanya kazi katika jiko kubwa lililo karibu na uwanja wa Heathrow, wakipanga vyakula vya abiria: kipande cha kuku kwenye kisahani cha foili, mkate mdogo, siagi, kijiko cha plastiki. Mtu anayeshinda akiwalisha watu wanaoruka hataki tena kuwasikia wakipita juu ya mto wake wa kulalia.

Jokha alikuwa mjane wa miaka arobaini na mitano, mnene kidogo, mwepesi wa maneno, mzito wa kusahau. Binti yake mmoja ameolewa Maskati. Yeye alipanga chumba Hounslow, juu ya duka la nguo. Pramila alikuwa mdogo wake kwa mwaka mmoja, mwembamba, hajaolewa, na aliishi Queensbury kwa kaka yake Bhanu, mwenye duka la vyakula.

Walikuwa wametoka nyumba moja. Huko Unguja, mtaa wa Kiponda, baba yake Pramila aliuza sufuria na mabeseni chini, na wazee wa Jokha wakakaa ghorofani. Wasichana wale walikua wakipandiana na kushukiana ngazi mpaka zikawa laini. Yalipokuja mapinduzi, kila mmoja akaenda na watu wake. Pramila na kaka yake walikwenda Dar es Salaam, kisha London. Jokha na mumewe walikwenda Mombasa, kisha London hiyo hiyo, na kwa miaka mingi hakuna aliyejua kwamba mwenzake yu hai katika mji mmoja naye.

Walikutana jikoni huko Heathrow. Pramila alikuwa na siku chache tu kazini, kofia ya nailoni imemfunika hadi masikioni, aliposikia mtu nyuma yake akifoka, "Mwanalaana weye, kidole changu!" Aliyekuwa akitukanwa ni toroli. Pramila akageuka taratibu, kama mtu anayeogopa kukivunja alichokisikia, akasema, "We si Jokha wa ghorofani?"

Siku ile abiria wa ndege moja walikula bila siagi.

Wazo la kununua nyumba pamoja lilizuka miaka minne baadaye, na mpaka leo kila mmoja anasema ni la mwenzake. Mmoja peke yake asingeweza, wawili pamoja wangeweza. Hesabu ilikuwa nyepesi. Kazi ilikuwa kuwaeleza watu. Wenzao jikoni waliuliza, "Mna undugu?" Binti wa Maskati aliuliza kwa simu, "Mama, kwani huji tena huku?" Bhanu hakuuliza kitu. Alinuna wiki nzima, halafu akatangaza kwamba kama ni kwenda kuangalia nyumba, atawapeleka yeye kwa gari lake, maana wanawake wawili peke yao wataibiwa mchana kweupe.

Basi Jumamosi moja, mwanzoni mwa Oktoba mwaka 1979, Bhanu aliwashusha Isleworth ya zamani, kando ya mto Thames. Alikuwa mtu wa miaka hamsini, mfupi, nadhifu, na gari lake, Kotina la kahawia, alilipenda kama mtoto wa mwisho. Hakupenda kuliacha barabarani likwaruzwe. Akazunguka mpaka akaona nafasi pana na safi kwenye mteremko karibu na maji, mbele ya baa moja ya kale. Akaliingiza hapo, akashuka, akalitazama, akaridhika. Hakujiuliza kwa nini Jumamosi mchana nafasi nzuri kama ile haina gari hata moja.

Ajenti alikuwa anawangoja mbele ya kanisa, kijana wa Kisingasinga mwenye kilemba cha buluu na viatu vinavyong'aa, ameshika ramani. Aliwasalimu kwa Kiingereza, akasema jina lake ni Kuldip, kisha akaitazama ramani kwa muda mrefu.

"Kijana wa watu mbona kama mwenyewe kapotea?" Jokha akamnong'oneza Pramila.

"Sijapotea, mama," Kuldip akajibu bila kuinua uso. "Ni hii ramani nimeshika kichwa chini."

Pramila akaziba mdomo kwa ncha ya sari. Kumbe Kuldip kazaliwa Nakuru, akasoma Nakuru, na ofisi yake ilikuwa imemhamishia upande huu wa mji wiki ile ile. Kuanzia hapo hakuna aliyesema tena Kiingereza, ila kila mtu alisema Kiswahili cha kwao.

"Kabla ya nyumba, tuonyeshe mtaa," Jokha alisema. "Nyumba utaibadilisha. Mtaa utaubadilisha wewe?"

Wakatembea. Kanisa lilikuwa na mnara wa mawe wa zamani mno, mweusi kwa moshi, lakini kiwiliwili chake kilikuwa cha matofali mapya, kwa sababu lile la kale liliungua wakati wa vita. Bhanu alisema wangelibomoa lote wakajenga upya, ingekuwa rahisi. Jokha alisema yeye amependa hivyo hivyo, kama bibi mzee aliyevaa gauni jipya. Mbele ya kanisa mto ulipinda, na katikati yake palikuwa na kisiwa kidogo kilichojaa miti, na juu ya mti mmoja korongo wa kijivu amesimama kwa mguu mmoja, hana haraka na mtu. Kando ya maji palipangana nyumba za matajiri wa zamani, zenye vibaraza vya chuma. Kuldip alizipita haraka.

"Hizi si za sisi," alisema. "Twende nyuma."

Nyuma ndipo walipokuwa wakikaa watu wa kazi enzi hizo: wasaga unga, wapakuzi, watu wa mashua za mizigo. Njia zilikuwa nyembamba, zinapinda bila kuaga. Katika kichochoro kimoja Jokha alisimama, akanyoosha mikono yote miwili, akagusa ukuta wa huku na ukuta wa huku.

"Umekuwa mtoto?" Pramila akamuuliza.

"Tangu tuondoke kwetu sijapita njia ya kugusa kuta mbili kwa mpigo," Jokha alisema. Akakaa hivyo kidogo, mikono imetandazwa, mpaka Mwingereza mmoja mwenye mbwa akamwomba radhi apite.

Kichochoro kiliwarudisha mtoni. Hapo waliona kitu ambacho hakuna kati yao aliyepata kukiona, na wote walikuwa wameishi London miaka. Mto ulikuwa umekauka nusu. Mashua mbili zililala ubavu juu ya tope, na kwenye ukuta wa mawe palikuwa na mstari mweusi wa mwani, juu ya kichwa cha mtu.

"Pramila," Jokha alisema. "Mto huu una kujaa na kupwa."

"Mto?"

"Tazama alama ile. Tazama maji yanavyorudi."

Kweli, maji yalikuwa yakirudi, yanapanda juu ya tope polepole, yanaingia chini ya mashua moja na kuitikisa kama mtu anayeamshwa. Mimi nimevuka mto huu kila wiki, Jokha aliwaza, lakini siku zote kwa treni, na treni haikupi nafasi ya kuangalia. Pramila alivuta pumzi ndefu ya lile tope.

"Funguni," alisema. "Haki ya Mungu, harufu ya Funguni, kwetu Unguja, maji yakitoka."

Hata Bhanu alitoa mikono mifukoni. Walisimama watatu kwenye ukingo, wakibishana kama jana usiku mwezi ulikuwa mpevu au juzi, wakakubaliana ni jana, na kwamba haya basi ni maji ya bamvua, yanayojaa kupita siku zote. Walifurahi sana kwa kulijua neno hilo. Kuldip akatazama saa, akasema mwenye nyumba anawangoja.

Nyumba yenyewe ilikuwa katikati ya safu ya nyumba ndogo za matofali, kila moja imemwegemea jirani yake. Mwenye nyumba, Bibi Hodge, alikuwa mjane mrefu mwenye nywele nyeupe zilizokatwa fupi, na alikuwa anahamia kwa binti yake pwani ya kusini. Marehemu mumewe alikuwa mtu wa mashua za mizigo. Alimpa kila mmoja mkono, akawatazama viatu, akaona ni visafi, akawaambia wapite.

Chini palikuwa na sebule ndogo na jiko. Juu vyumba viwili vinavyolingana kama mapacha, na bafu lililoongezwa miaka ya karibuni. Sakafu ililia walipokanyaga. Bhanu alibonyeza ukuta kwa kidole, akasema unyevunyevu. Akafungua dirisha, likakwama, akasema kuoza. Akakanyaga kwa nguvu mbele ya mlango wa chumba, akasema hapa patazama. Kuldip aliyapokea yote kwa kutikisa kichwa, kama daktari.

Wale wanawake wawili hawakumsikia. Jokha alikuwa amesimama katikati ya chumba kimoja anajizungusha taratibu kwa visigino, akitafuta kibla. Katika chumba cha pili Pramila naye anajizungusha, akitafuta mashariki ya kuweka miungu yake. Bibi Hodge, aliyekuwa kwenye ngazi, alimtazama huyu, akamtazama huyu.

"Mmepoteza kitu?" aliuliza.

"Tunatafuta jua linatokea wapi," Jokha akamwambia.

"Aa, hilo tu? Huniamsha kila siku." Akawaonyesha kwa kidole. "Dirisha lile. Na huku pia, ila linachelewa kidogo kwa sababu ya bomba la moshi la jirani."

Kisha akawateremsha kuwaonyesha jiko, na hapo ndipo mambo yalipogeuka. Jiko lilikuwa na nafasi ya kutosha, lina meza, lina dirisha. Lakini nyuma ya jiko palikuwa na mlango mwingine, na nyuma ya mlango huo chumba kirefu chembamba chenye sinki ya udongo, na kando ya sinki jiko la pili la gesi, la zamani, safi, limeungwa kwa bomba lake.

"Hili la nani?" Pramila aliuliza.

"La mume wangu," Bibi Hodge alisema. "Alikuwa mtu wa mikunga, Mungu amrehemu. Wale samaki kama nyoka. Akiwavua mtoni, akiwapenda kuliko mimi. Nilimwambia, Albert, mikunga yako haiingii jikoni kwangu, mimi harufu ile siiwezi. Akanijengea amani. Mlango ukifungwa, na dirisha la nyuma likiwa wazi, unaweza ukapika chochote kule, na mimi huku naoka keki yangu, sijui lolote. Tumeishi hivyo mpaka alipofariki."

Pramila alikuwa hali nyama, hali samaki, hali hata yai, tangu kuzaliwa. Jokha alikuwa hawezi kumaliza wiki bila samaki wa kukaanga. Miezi yote ile, katika kila nyumba waliyoona, jambo ambalo hakuna aliyethubutu kulitamka lilikuwa hilo: sufuria ya nani itakaa juu ya moto wa nani. Na hapa Mzee Albert wa mikunga alikuwa amelimaliza kabla wao hawajalisema.

Pramila alimfinya Jokha mkononi, kwa nguvu, maana aliona anataka kucheka, na mnunuzi akicheka bei hupanda.

Bhanu naye alikuwa ameelewa. Aliutazama ule mlango wa katikati kwa uso wa mtu ambaye hoja yake kubwa imechukuliwa mfukoni. Alikuwa amefungua mdomo aseme neno, pale mtu alipogonga mlango wa mbele na kuita kwa sauti ya baa, "Gari la kahawia pale chini ni la hapa?"

Walitoka mbio. Walipoteremka kichochoro na kutokea mtoni, Kotina la Bhanu lilikuwa ndani ya maji. Mto ulikuwa umepanda mteremko, umepita ukingo, umeingia barabarani bila kelele, unang'aa kwa jua. Maji yalifika nusu ya magurudumu ya mbele. Bata wawili walikuwa wakiogelea upande wa dereva.

Bhanu alisimama. Alivua viatu, akavua soksi, akaziingiza soksi ndani ya viatu, akaviweka juu ya ukuta, akakunja suruali, akaingia. Alifungua mlango kidogo, akajipenyeza, akatia ufunguo. Gari likakohoa. Likakohoa tena. Halafu likanyamaza.

"Tulisukume kwa nyuma!" Jokha akasema, na alikuwa amekwisha kuvua viatu. Lakini kwa nyuma ilikuwa nchi kavu. Gari lilikuwa limeingia kwa pua, kwa hiyo wa kulisukuma aingie mtoni. Pramila alipandisha sari mpaka magotini, akaifunga fundo kiunoni kama mfua nguo. Jokha alikunja suruali yake chini ya gauni, akajifunga mtandio kichwani vizuri. Kuldip aliviangalia viatu vyake vinavyong'aa, akamtazama Bibi Hodge, akavivua. Waingereza wawili waliokuwa wakinywa mbele ya baa waliweka glasi zao juu ya ukuta, karibu na viatu vya Bhanu, wakaja kusaidia. Walionekana wazoefu.

Maji yalikuwa baridi ya kukata mifupa.

"Toa gia!" Pramila alimpigia kaka yake kelele.

"Nimetoa!"

"Sukuma, Kuldip, umekula nini leo?"

"Mama, mimi ni mtu wa Nakuru!" Kuldip alisema, mabega yamegota kwenye gari, kilemba kimekwenda upande. "Kwetu ziwa linakaa mahali pake!"

Jokha akacheka, nguvu zikamwisha, akakaa kwenye maji. Pramila alipomwona amekaa, naye akashindwa. Wale Waingereza hawakujua kinachochekwa lakini wakacheka pia.

"Mnacheka?" Bhanu akatoa kichwa dirishani. "Gari langu linazama, mnacheka?"

"Bhanu bhai," Pramila alisema, machozi yanamtoka, "watu watatu wa Unguja. Tumetazama mwezi, tumetazama maji, tumesema bamvua. Na gari tumeliegesha pwani!"

Bhanu alimtazama dada yake, aliyelowa mpaka kiunoni, nywele zimemfunguka, anacheka kama alivyokuwa akicheka kwenye ngazi za Kiponda. Uso wake ukapambana kidogo, halafu ukashindwa. Alicheka mpaka akalaza kipaji juu ya usukani, honi ikalia, korongo wa kisiwani akaruka.

Gari likapanda mteremko, likasimama pakavu, linadondoka maji kila upande.

Bibi Hodge aliwarudisha wote kwake, akawasha moto, akatandika magazeti sakafuni. Kuldip alikwenda kupiga simu kumwita fundi. Jokha alipewa kanzu ya kulalia yenye maua, Pramila gauni la kuogea, na Bhanu akapewa suruali ya marehemu Albert, ambaye inaonekana alikuwa mtu mkubwa. Aliifunga kwa kamba kifuani, karibu na kwapa, akaketi mezani na kikombe cha chai kama mtu aliyeokolewa melini. Bibi Hodge alipoona wanaanza kuzungumza kwa lugha yao, alichukua zile nguo zilizolowa akaenda kuzianika.

Wakabaki watatu jikoni.

"Pramila," Bhanu alisema, "kwangu ulikosa nini?"

Jokha akajiweka sawa kwenye kiti. Alikuwa amelingoja swali hilo wiki nyingi, na majibu alikuwa nayo mengi: kile chumba cha kona ambamo Pramila alilala na makatoni ya sabuni ya dukani, watoto watatu aliowalea wasio wake, wageni aliowapikia. Lakini Pramila alimgusa goti chini ya meza, naye akayameza yote.

"Sikukosa kitu, bhai," Pramila alisema. "Ulinipa kila ulichokuwa nacho, na mkeo Champa hajawahi kuninyanyasa. Lakini watoto wamekua. Na mimi nimekaa nyumba ya baba, nimekaa nyumba ya kaka. Nataka kabla sijazeeka nikae nyumba ambayo mtu akigonga mlango, nifungue mimi, na anayetafutwa ni mimi."

Bhanu aligeuza kikombe. "Watu wa Queensbury watasema Bhanu kamfukuza dada yake. Kamtupa akaishi na mgeni."

"Mgeni?" Jokha akashindwa kujizuia. "Mimi mgeni? Mama yako alininywesha uji wa ndizi kwa kijiko chake!"

"Najua, Bi Jokha. Najua. Mimi nasema watakavyosema wao."

"Watasema mwezi mmoja," Pramila alisema. "Halafu mtu mwingine ataoza binti vibaya, watahamia huko."

Bhanu hakucheka. Alitazama dirishani, na sauti yake ilikuwa ya chini, kama ya mtu anayeona haya.

"Champa Kiswahili hajui. Ametoka Rajkot, India, kakuta tumeshahama. Watoto wanaelewa, lakini ukiwasemesha wanakujibu Kiingereza. Wewe ukiondoka, pale nyumbani mimi nitazungumza na nani? Mtu akija dukani na vituko vyake, jioni nakusimulia wewe. Nikisema 'mwanalaana yule', nani atajua nimesema nini? Nitakuwa nacheka peke yangu, kama mwehu."

Jokha, aliyekuja amejitayarisha kupigana na mtu huyu, alimwona sasa katika suruali ya marehemu, kamba kifuani, na hakuwa na la kupigania. Aliinua buli akamjazia chai.

"Utakuja Jumapili," Pramila alisema mwishowe. "Duka unafunga mchana. Utakuja, utatusimulia ya wiki nzima kwa mpigo. Champa mlete, atembee mtoni, hatoki nje yule. Tutakula chakula changu jikoni huku, na Jokha samaki wake atawala kule nyuma kwa Albert."

"Na mlango tutaufunga," Jokha akaongeza.

"Na gari?" Bhanu aliuliza.

"Gari utaliacha kanisani."

Hapo alicheka. Akanywa chai yake yote, akaguna, akasema kwamba hata hivyo ule ukuta una unyevunyevu, na asije mtu akasema hakuwaambia.

Bibi Hodge aliporudi, Jokha alimuuliza swali moja tu, waziwazi, kama maji yale hufika mpaka mlangoni. Yule bibi hakuzunguka. Alisema tangu aolewe yameingia mara moja. Yaliingia hadi mguu wa meza, wao wakapandisha mazulia juu, wakakaa kwenye ngazi wakanywa chai, yakatoka yenyewe, wakasugua wiki nzima.

"Mara moja katika ndoa nzima," Jokha alimwambia Pramila. "Mimi mume wangu alinikasirisha zaidi ya hapo."

Hawakuipata nyumba ile siku ile, wala mwezi ule. Watu wa benki ya kwanza waliyoiomba mkopo waliwauliza waume zao wako wapi, na waliposikia hakuna, wakauliza basi mdhamini ni nani, kana kwamba wanawake wawili wenye mishahara ni watoto wa shule. Pramila alirudi nyumbani akalia. Kuldip ndiye aliyewatafutia wengine, wasiouliza mengi, akawapeleka yeye mwenyewe na akakaa nao mpaka mwisho, na Jokha akaapa kwamba kijana huyo akioa, biriani la harusi atapika yeye. Bibi Hodge aliwangoja. Alikuja mtu mwingine katikati, mwenye haraka na pesa mkononi, lakini yule alitaka kubomoa chumba cha nyuma aweke bafu, na bibi akamwambia nyumba imekwisha kupata watu.

Walihamia mwezi wa Februari, kukiwa na theluji nyembamba juu ya kuta. Jokha alikuja na masanduku mawili na cherehani. Pramila aliletwa na familia nzima kwa gari la duka, na Bhanu alipandisha kitanda ngazini kwa mikono yake, akikataa kusaidiwa, akilalamika kila kidato. Champa alitembea chumba hadi chumba, halafu akafungua dirisha la mbele, akatazama kichochoro, akamwambia wifi yake kwa Kigujarati kwamba pazia hapa liwe la manjano, na kwamba atalishona yeye.

Mtaa uliwazoea taratibu. Mtu wa mbwa alianza kuwasalimu kwa majina, ingawa alikuwa akiwabadilishia, Pramila kwa Jokha na Jokha kwa Pramila, na wao wakaona hakuna haja ya kumsahihisha. Mmoja akiwa zamu ya alfajiri, mwenzake alimwachia chai kwenye chupa. Walikosana pia. Walikosana juu ya redio, juu ya maji ya moto, juu ya nani ameacha taa ya ngazi. Siku moja hawakusemeshana tangu asubuhi hadi jioni kwa sababu ya taulo, na jioni Jokha akagundua kwamba ana habari nzuri ya kusimulia na hakuna wa kumsimulia ila huyo huyo, akagonga ukuta.

Mlango wa mbele ulihitaji rangi. Jokha alitaka kijani. Pramila alisema kijani ni rangi ya benchi za bustanini, yeye anataka nyekundu iliyokolea. Walinunua makopo yote mawili wakayaweka chini ya ngazi, na Jumapili zote za kiangazi Bhanu, akiwa ameketi na kikombe chake, aliombwa aamue. Kijani kikikaribia kushinda alisema nyekundu, na nyekundu ikikaribia kushinda alisema kijani, ili mabishano yasiishe upesi.